Sifa ya Mchwa

Katika kiwanja kimoja cha Mwembesongo, mahali ambapo mtu akielekeza uso kusini huiona milima ya Uluguru imejitanda mawingu, pana kichuguu kilichopita kimo cha mtu. Wafyatua matofali wamekimega upande mmoja, kwa kuwa udongo wake hushikamana vizuri. Walakini kila wakimegapo, baada ya siku chache jeraha huonekana limezibwa kwa udongo mbichi. Kwa miaka mingi nilikitumia kichuguu hicho kama kitabu cha maadili. Mwanafunzi mvivu nilimwelekeza huko, na mwenye bidii nilimsifu kwamba afanya kazi kama mchwa. Siku moja mwanafunzi mmoja, mtoto wa wakulima wa mlimani, aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, mchwa akitaka kukataa kazi, hukataaje?" Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, na insha hii ni malipo ya deni la swali lake.

Kwanza mchwa apewe haki yake. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa katika nchi yetu, wa jamii ambayo wataalamu huiita Macrotermes, ni wakulima kwa maana halisi ya neno. Miti mikavu na nyasi wazikusanyazo haziwafai mpaka zisaidiwe kulainika. Basi huzila, huzipitisha matumboni upesi, na kwa kinyesi chao hujenga sega lenye vitundu vingi ndani ya vyumba vya chini ya ardhi. Juu ya sega huota kuvu iitwayo Termitomyces. Kuvu huushinda ugumu wa miti. Mchwa hula vifundo vyake vyeupe, na baadaye hula sega lenyewe likiisha kuiva. Mvua zinyeshapo, kuvu hiyo hupenya udongo ikachomoza nje, nao ndio uyoga wa vichuguuni ambao akina mama huuchuma kwa mboga. Mbegu zake, laini kama vumbi, huenea. Na kumbikumbi warukao kuanzisha makao mapya, aghalabu ni watoto wao wa kwanza ndio watokao kuzitafuta. Chungu wakata majani wa Marekani ya kitropiki, ambao nao hulima kuvu, wana desturi nyingine: malkia kijana huondoka kwao na kipande cha kuvu kinywani, kama bibi harusi aliyefungiwa mbegu na mama yake.

Kilimo hiki ni cha kale kupita kiasi. Mwaka 2016 wachunguzi walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, wamekuta masega ya kuvu yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mwanadamu amelima kwa miaka 12,000 hivi tu. Kama sifa ingetolewa kwa ukongwe wa kazi, sisi tungekuwa wanagenzi mbele ya mdudu.

Lakini mtu aliyefungwa mikono hatumwiti mwaminifu kwa sababu hakuiba. Katika mamilioni yote hayo ya miaka, hatuna dalili ya mchwa hata mmoja aliyetua mzigo wake akasema: leo siendi. Bidii yake ni kubwa, ila sijui ni ya nani.

Mpinzani atasema kwamba hata sisi tu vivyo hivyo. Spinoza aliandika katika barua ya mwaka 1674 kwamba jiwe lililotupwa, lau lingekuwa na fahamu, lingedhani linaruka kwa hiari yake. Hoja hiyo ni nzito, wala sina nguvu za kuiangusha kwa nadharia. Nitaikabili kwa kisa cha milima hiyo hiyo ionekanayo kutoka Mwembesongo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Kiingereza iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Wakulima walishurutishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili mvua isiuchukue udongo. Nia haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukienda. Walakini udongo wenye rutuba huko ni tabaka jembamba, na mchimba ngazi aghalabu aliufukia ule mwema akafukua ule usiofaa. Tena kazi yenyewe ilikuwa amri. Mwezi wa Julai mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na shuruti ile ikaachwa. Nimewasikia wenye elimu wakisema Waluguru walikosea, kwani mito ingali ikishuka na tope wakati wa masika. Yamkini walikosea kuhusu udongo. Sikubali kwamba walikosea kukataa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, wakulima wa Kibungo Juu, katika milima ile ile, walichimba matuta ya ngazi kwa mapatano ya malipo, ili maji ya mto Ruvu, yanywewayo Dar es Salaam, yapungue tope. Jembe ni lile lile, mteremko ni ule ule, na jasho ni lile lile. Mtazamaji aliye mbali asingeweza kupambanua kazi ya 1955 na hii. Spinoza angesema kwamba sababu tu ndizo zilizobadilika. Naam, zilibadilika, lakini mojawapo ya sababu hizo ilikuwa kuulizwa, na mchwa haulizwi.

Limebaki jambo moja linisumbualo. Mwenye shamba dogo na watoto wenye njaa, akiwekewa fedha mbele yake, je, ameulizwa, au amesukumwa kwa mkono laini zaidi? Nilimpelekea swali hilo yule mwanafunzi wangu, ambaye sasa ni mwalimu. Alijibu kwamba angetaka kwanza kujua kama mkulima huyo angeweza kuzirudisha fedha zile, na jioni ile bado akala.