Kikombe Kilichofika Tabora

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia Samunge, kijiji cha Loliondo wilayani Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, ambaye sote tulimwita Babu, alikuwa akichemsha mti uitwao mugariga na kumpa kila mgonjwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kinatibu UKIMWI, saratani, kisukari na pumu. Haukupita muda, vikombe vingine vikaibuka Mbeya, Rombo na hapa Tabora. Sifa za dawa huipita mbio dawa yenyewe.

Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa ya Babu. Majibu ya awali yalikuwa kwamba haina sumu ya kumdhuru anayeinywa kwa kiasi kile. Basi, hayo tu. Lakini habari ilipofika vijiweni, "si sumu" ilikwishakuwa "serikali imethibitisha". Ndugu msomaji, hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kuteleza hata leo. Maji ya kisima nayo si sumu, wala hayatibu pumu.

Kupima sumu ni kubisha hodi tu. Kwa pumu, maabara bado inapaswa kuonyesha kwamba dawa inalegeza misuli ya njia za hewa au inapunguza uvimbe wake. Kisha wagonjwa wagawanywe, wengine wapewe dawa na wengine kitu kisicho na dawa, bila wao kujua nani kapata nini, na pumzi zao zipimwe kwa mashine kwa wiki kadhaa. Usumbufu wote huo ni wa nini? Ni kwa sababu pumu huja na kuondoka. Mtu aliyekaa karibu na moshi wa bani la tumbaku hubanwa usiku kucha, akaketi kitandani akihema kwa filimbi kifuani, na kesho yake mchana yuko sokoni anacheka. Kama asubuhi ile alikunywa kikombe, sifa zote zitakwenda kwa kikombe.

Dalili za hatari zilikuwepo, tena waziwazi. Babu mwenyewe alisema dawa inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake tu. Dawa ya namna hiyo hakuna maabara inayoweza kuthibitisha kwamba inatibu, kwa hiyo majibu ya maabara hayakuwa na la kusema juu ya kupona. Kikombe kilekile kilikuwa cha kisukari, kikawa cha saratani, kikawa cha pumu. Wagonjwa mahututi walitolewa wodini wakapakiwa magarini; kufikia mwishoni mwa Machi 2011, watu 52 waliripotiwa kufa wakisubiri kikombe. Babu akaomba wagonjwa wapya wasije kwanza. Na wako walioacha dawa za hospitali kwa kuamini wamekwishapona.

Sisemi haya kwa kuidharau mitishamba. Theofilini, iliyotumika miaka mingi kutibu pumu, iligunduliwa kwenye majani ya chai. Lakini hiyo hiyo, kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana mno, hata madaktari hulazimika kupima damu ya mgonjwa. Muhimbili wanachunguza tiba asili tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 ilituundia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Waganga waliosajiliwa wapo.

Basi jirani akikuletea mzizi na kukuambia umepimwa, muulize: ulipimwa sumu, au walipimwa wagonjwa wa pumu? Akikwama, mshukuru kwa wema wake. Inhela yako isitoke mfukoni, na siku kifua kikibana usingoje kuche, wahi Hospitali ya Kitete au zahanati iliyo karibu nawe.