Bwana Ameacha Pombe, Mbona Mama Bado Ana Hasira?

Mlevi akiacha pombe, kila mtu hufurahi. Padre humpongeza, wanajumuiya humpongeza, hata mama mkwe hupiga vigelegele. Mkewe yuko jikoni, amenuna. Watu husema, "Huyu mama vipi? Si jambo hili alilokuwa akiliombea?"

Tusiwe wepesi kumhukumu. Huko Marekani, Bill Wilson na Lois walioana mwaka 1918. Bill alikunywa mpaka kazi zikamponyoka. Lois akawa ndiye mtafuta riziki, akifanya kazi dukani mchana na kumuuguza mlevi usiku. Mnamo Desemba 1934 Bill aliacha kabisa, na mwaka uliofuata yeye na daktari Bob Smith wakaanzisha chama cha walevi wanaosaidiana, kile kinachojulikana duniani kote kama AA. Basi siku moja Bill akamhimiza mkewe ajitayarishe upesi wasichelewe mkutano wa maombi. Lois alishika kiatu akamtupia!

Mwenyewe alishangaa. Alipojichunguza aliona kwamba miaka yote ile alijaribu kumwokoa mumewe akashindwa, na sasa watu wengine wamefaulu. Tena bwana hakumhitaji kama zamani.

Je, hasira hiyo ni dhambi? Mimi nasema ni jeraha kwanza; huwa dhambi tukiitunza. Sisi watoa mashauri hukosea sana tunapomwambia mke, "Sahau yaliyopita." Asahau vipi usiku aliolala na watoto kwa jirani? Kusamehe ni kuacha kudai kisasi, na hilo aweza kulifanya leo kwa neema ya Mungu. Kuamini ni jambo jingine. Imani iliyovunjwa kwa miaka kumi haishonwi kwa juma moja, na mume asiyelewa tena hana haki ya kuidai kama mshahara. Zakayo hakungoja kuulizwa. Yeye mwenyewe alitangaza kwamba atarudisha mara nne.

Lakini mama, nawe sikiliza. Bwana alipokuwa akinywa, wewe ulikuwa baba na mama. Pesa ulizishika wewe, watoto waliomba ruhusa kwako tu. Ilikuwa mizigo, ndiyo, lakini pia ilikuwa kiti cha enzi, na kukishuka ni vigumu. Nimewaona wake ambao, bwana akitoa wazo, humkumbusha changaa mbele ya watoto. Mume wa namna hiyo anakuwa mgeni nyumbani kwake, akiwa na akili timamu!

Lois hakuishia kwenye kiatu. Alikubali kwamba yeye pia alihitaji kuponywa, na mwaka 1951 yeye na mwenzake walianzisha Al-Anon, chama cha jamaa za walevi. Huko kila mmoja huzungumzia mwenendo wake mwenyewe, si makosa ya mlevi wake.

Nyumbani kwenu anzeni na jambo dogo. Muhula ujao, bwana na aende yeye kulipa karo. Akirudi, risiti aiweke mezani bila kuulizwa. Nawe mama, ukiisha kuisoma, iweke kabatini, wala usiihakiki mara ya pili watoto wakitazama.