Mcheza Kwao Hutunzwa

Methali hii husikika sana mtu anaporudi nyumbani na kupokewa vizuri. Mfanyabiashara aliyejenga kijijini kwao akichaguliwa mwenyekiti, watu husema mcheza kwao hutunzwa. Msanii aliyeshangiliwa na majirani kabla Nairobi haijamjua husemwa vivyo hivyo. Matumizi hayo ni sahihi, ila yanaishia juu juu. Methali imetoka uwanja wa ngoma, na ngoma katika maisha yetu haijawahi kukaa mbali na ibada. Kwangu mimi inaeleza vizuri, kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, jinsi sifa za furaha zinavyomfikisha mtu kwa Mungu.

Tuutazame uwanja wenyewe. Binti wa nyumba anaingia kucheza katika harusi ya kaka yake. Shangazi anainuka, anamfunga leso kiunoni, anambandika noti kwenye paji la uso, na vigelegele vinapaa. Hakuna aliyepatana naye bei. Shangazi halipi mshahara. Anatangaza mbele ya halaiki kwamba huyu ni wetu. Mchezaji wa kukodiwa naye hupewa fedha, pengine nyingi zaidi, lakini ngoma ikiisha huchukua chake akaenda zake. Huenda hata akawa fundi kumshinda binti. Anachokosa ni kwamba hapo si kwao.

Sasa twende Magwagwa, kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vya chai na migomba karibu na mto Sondu. Waadventista Wasabato ni wengi huku, kama ilivyo katika nchi nzima ya Abagusii, na Jumamosi ni siku ya nyimbo. Mizizi ya nyimbo hizo haikuota hapa. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista huko Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, na kutoka pande hizo za ziwa ujumbe wao ukapanda milima ya Gusii. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Wamisionari wengi wa enzi hizo waliziona ngoma za wenyeji kuwa ni upagani. Ribina, ngoma ya wanawake iliyochezwa mvua ilipochelewa, haikuwa na nafasi kanisani. Obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye mngurumo unaosikika kifuani, nacho kilibaki nje ya mlango. Mwamini wa kwanza aliambiwa amsifu Mungu kwa sauti za nyumba ya watu wengine.

Alicheza ugenini, na ugenini mtu hucheza akichungulia nyuso za wenyeji kuona kama amekosea. Nadhani ndiyo sababu makanisa yetu mengi hadi leo yanadhani heshima ni kununa. Lakini Abagusii hawakubaki wageni katika wimbo. Waliimba kwa Ekegusii, wakaunda kwaya, na Mungu ambaye wazee walimwita Engoro wakamwita Nyasae kwa sauti nne zilizopangana. Waadventista wengi bado hawataki ngoma wala kucheza katika ibada, na sioni haja ya kuwalazimisha. Koo za watu waliokaa pamoja zinatosha. Furaha haipimwi kwa kelele; hupimwa kwa jinsi mtu anavyoimba bila kuogopa aliye mbele yake.

Hapa swali gumu linajitokeza. Kama anayetunzwa ni mcheza kwao, yule asiyejihisi kwao kwa Mungu afanyeje? Jibu liko katika desturi ya Abagusii wenyewe. Kijana akishatahiriwa husindikizwa kurudi nyumbani kwa wimbo wa esimbore. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini, lakini wimbo haujaachwa. Tazama mpango wake: kijana hajirudishi. Watu wake ndio wanaoimba mbele na nyuma yake, na wimbo huo unamfikisha nyumbani akiwa mtu mwingine katika ukoo uleule.

Kanisani mambo huenda hivyo hivyo. Aliyeacha chang'aa juzi hajui bado kuomba mbele ya watu. Biblia inamchanganya, na aibu hajaimaliza. Lakini kiitikio anakiweza. Anapoitikia bega kwa bega na watu waliomwona akilala mtaroni, anaanza kusimama mbele za Mungu kama mtoto wa nyumba, kabla hajajua hata fundisho moja la kulieleza. Kumsifu Mungu si kumbembeleza abadili nia yake juu yetu. Yeye hapungukiwi tukinyamaza. Tunaobadilika ni sisi, kwa sababu ni vigumu mno kumsifu mtu kwa moyo huku ukihesabu anachokudai au unachomdai. Sifa za kweli humlazimu mtu aache daftari la madeni mlangoni, na uhusiano wowote, uwe wa ndoa au wa mja na Mola wake, hauanzi kupumua mpaka daftari hilo litoke mikononi.

Jambo hili si la Wakristo peke yao. Kule Lamu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha aliwakaribisha katika maulidi ya matari na kaswida watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo wenye asili ya utumwa. Alipingwa. Leo Maulidi ya Lamu huwakusanya watu kila mwaka kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na mbali zaidi. Watu walioambiwa hawana kwao walipata kwao katika kumsifu Mtume na kumshukuru Mungu.

Upande wa pili wa methali unatisha, na Yesu aliueleza katika mfano wa mwana mpotevu. Tunamkumbuka mdogo aliyetapanya mali. Tumsahau kidogo, tumtazame kaka yake akitoka shambani. Anasikia muziki na watu wakicheza ndani ya nyumba ya baba yake. Haingii. Anamwita mtumishi amwulize kulikoni, kisha anasimama nje, na baba anapotoka kumsihi anamhesabia miaka aliyomtumikia na mbuzi ambaye hakupewa. Huyu hakuwahi kuondoka nyumbani, na bado nyumbani hapakuwa kwao. Alikuwa na mahesabu ya kibarua. Ngoma ndiyo iliyomfichua. Bila ngoma ile angeonekana mwana mwema hadi kufa. Kila ninapomwona mshiriki wa miaka mingi amekunja mikono wimbo ukiimbwa, humkumbuka yeye, na huombea atoke babaye amsihi.

Neno moja kwa wahubiri wanaoahidi kwamba ukisifu sana utapata gari. Wanaisoma methali kinyumenyume. Methali haisemi mtu acheze ili atunzwe. Binti akianza kuitazama mikono ya shangazi badala ya kucheza, tayari amegeuka mchezaji wa kukodiwa. Tena sifa kubwa hutolewa mara nyingi mahali ambapo hakuna cha kupokea. Katika matanga ya huku watu huimba usiku, karibu na jeneza, na wajane huimba wakilia. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani Filipi, migongo ikiwa na majeraha ya fimbo na miguu ikiwa imefungwa. Waliimba kabla ya tetemeko, bila ahadi ya tetemeko. Furaha ya namna hii haiwezi kuigizwa. Ni ya mtu anayejua yuko mikononi mwa nani hata mambo yakiwa yameharibika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa kanisa na walimu wa kwaya wa Magwagwa, na wa kila mahali penye ibada. Kwaya zetu zimekuwa hodari kweli, zina sare na video, na sina ubaya nazo. Lakini katika makanisa mengi zinaimba na sisi wengine tunakaa kutazama, simu juu, tukirekodi. Tunalelewa kuwa kaka mkubwa. Rudisheni nyimbo kwa mkutano mzima. Chagueni zile ambazo bibi asiyesoma anazijua kwa moyo, anzeni kwa sauti ambayo mzee anaweza kuifikia, na waacheni watoto waitikie kwa nguvu zao zote bila kukanywa.