Msomaji Asiyedaiwa

Mtu aweza kushurutishwa kuketi mbele ya kitabu, aweza kushurutishwa kupitisha macho juu ya mistari yake kutoka bismillahi hata tamati, na aweza kushurutishwa kutaja majina na matukio yote yaliyomo ndani yake. Lakini hakuna sultani wala mwalimu, wala mzazi awe mpole au mkali, aliyepewa uwezo wa kumshurutisha apendezwe nacho. Mapenzi ya kitabu ni katika mambo machache ambayo nafsi ya mwanadamu haiwezi kuyatoa kwa amri, na kila inapoamriwa kuyatoa hutoa kitu kingine mahali pake: utii, hofu, au werevu wa kujifanya. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini watu wengi waliokwisha kufundishwa kusoma hawasomi, asianze kwa kuwashutumu kwa uvivu, bali atazame kwanza jinsi kusoma kulivyoingizwa maishani mwao, na kwa manufaa ya nani.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, vijana wengi humaliza shule ya sekondari wakiwa wamekwisha kupitia riwaya, tamthilia na diwani kadhaa. Walizipitia kalamu mkononi: wakaorodhesha dhamira, wakawapanga wahusika wakuu na wadogo, wakakariri tamathali za usemi pamoja na mifano yake, na mwongozo, yaani kitabu cha kueleza kitabu, aghalabu ulichakaa mikononi mwao kabla ya riwaya yenyewe. Siku ya mtihani ilipopita, wengi walivifunga vitabu hivyo wasivifungue tena, na pamoja navyo wakavifunga vingine vyote ambavyo hawakupata kuviona. Kisha husemwa kwamba watu wetu hawapendi kusoma. Neno hilo halina insafu, kwa maana mtu hastahiki kulaumiwa kwa kutopenda kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukipenda.

Asili ya msiba huu ni deni. Msomaji anayedaiwa hawi peke yake na kitabu. Baina yake na ukurasa amesimama mtu wa tatu, ambaye ni mtahini, na kila sentensi inapofika hupelekwa kwanza kwa huyo ili ipimwe thamani yake, kabla msomaji mwenyewe hajaionja. Swali lake la daima ni: nitaulizwa nini hapa? Msomaji asiyedaiwa huuliza jambo jingine kabisa: huyu aliyeandika ananiambia nini, nami naona je? Swali la kwanza hujaza kumbukumbu kwa muda, na deni likiisha kulipwa yaliyohifadhiwa huondoka bila majuto. Swali la pili huiamsha akili, nayo ikiamka hutafuta kitabu cha pili bila kutumwa.

Wako watakaodhani kwamba raha ya kusoma maana yake ni wepesi, na kwamba anayeisifu anawaita watu kwenye uzembe. Na watazame habari za Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa kijana alikisoma kitabu cha Aristotle cha Metafizikia mara arobaini, hata akakihifadhi moyoni, wala hakufahamu makusudi yake, mpaka akakata tamaa. Alasiri moja alikuwa katika soko la wauza vitabu, na dalali akamjia na juzuu akimsihi ainunue. Akaikataa kwa kuchoka, akiamini elimu ile haina faida. Dalali akashikilia, akasema bei ni rahisi, dirhamu tatu tu, na mwenye kitabu ana haja ya fedha. Ibn Sina akainunua, akaona kuwa ni maelezo ya Abu Nasr al-Farabi juu ya makusudi ya kitabu kile kile. Akarudi nyumbani akaisoma upesi, na yaliyofungika yote yakafunguka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu. Basi nani aliyemdai masomo yale arobaini? Hakuna. Kazi ilikuwa ngumu kupita mitihani mingi, ilhali furaha iliyomfikia haijulikani na mtu aliyepata alama tu. Juhudi na raha hazina uadui. Adui wa raha ni kudaiwa.

Mfaransa Michel de Montaigne, aliyeacha kazi yake ya hakimu huko Bordeaux na kujitenga na vitabu vyake, alishika njia iliyo kinyume cha hiyo. Katika insha zake zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1580 alikiri waziwazi kwamba katika vitabu hutafuta burudani ya heshima. Kwamba akikutana na mahali pagumu hujaribu mara moja au mbili, kisha hupaacha. Na kwamba kitabu kimoja kikimchosha hushika kingine. Huyu aliacha, yule alirudia mara arobaini, nao wote wawili walikuwa wasomaji huru, kwa sababu kila mmoja alitii raghba ya nafsi yake. Uhuru wa kusoma una nafasi ya subira na una nafasi ya kuacha, wala haumwambii mtu achague ipi. Humwachia tu mamlaka ya kuchagua.

Wala jambo hili si geni kwetu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na wenye beti zaidi ya elfu, ulikuwa katika tenzi zilizosomwa kwa sauti mbele ya watu, na hadhira iliyoketi kusikiliza habari za vita na ushujaa haikungojewa na maswali mwishoni. Karne mbili na zaidi baadaye, Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi iliyotoka mwaka 1960, na wasomaji wakamfuata mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake kwa sababu moja iliyotosha: walitaka kujua nani aliyeua. Shauku hiyo haina aibu. Aliyejifunza kumshuku mhusika, kupima ushahidi na kungoja ukweli, amekwisha kuizoeza akili yake, hata kama hakukusudia.

Itasemwa kwamba mtoto akiachiwa hiari hatajifunza lolote. Neno hili lina haki yake. Watoto wa pwani walioketi chuoni na kuanza alifu, bee, tee, hawakuulizwa kama walipenda, na lau wangaliulizwa huenda wengi wangalikwenda kucheza. Herufi huhitaji nidhamu, na mwalimu anayezifundisha kwa bidii hutenda wema. Lakini sharti lina mpaka wake. Likimfikisha mtoto mahali pa kujisomea limetimiza kazi yake. Likikataa kumwachia hapo, huharibu lile lililolijenga.

Liko pia deni jingine, la siri zaidi, ambalo mtu mzima hujitwika mwenyewe. Amekwisha kuhitimu, mtahini amekwenda zake, lakini kiti chake hakikubaki kitupu, maana msomaji amekikalia. Huhesabu vitabu alivyovimaliza kwa mwaka, huona haya kusoma hadithi ilhali hajasoma kitabu cha biashara, humaliza asichokipenda kwa kuogopa dhamiri yake, na akikosa kusoma wiki moja hujiona mkosaji. Huyu anahitaji msamaha kutoka kwake mwenyewe. Na aanze na kitabu chochote kinachomwita, akirudie kile alichokipenda utotoni akitaka, aruke ukurasa, aache katikati. Hesabu ikiisha kufutwa, hamu hurejea.

Na hamu hiyo si anasa ya mtu mmoja tu. Anayesoma bila kudaiwa huzoea kusema "kitabu hiki kimenipendeza" au "hoja hii haikunikinaisha" bila kutazama uso wa mkubwa yeyote, na watu wenye desturi hiyo hawadanganyiki kwa urahisi na maneno ya mtu mwingine yeyote, yawe yameandikwa au yamehutubiwa. Kwa hiyo mwalimu ambaye, katika saa nyingi za juma, hutenga saa moja ambamo wanafunzi husoma wapendacho wala hawaulizwi neno baadaye, asidhani amepoteza wakati wa somo. Katika saa hiyo huwafundisha kuwa na rai zao wenyewe, na hilo ni fundisho ambalo hakuna mtihani uwezao kulitoa.