Nyongeza ya Mchezo na Kipimo cha Kutosheka

Mtu anunuapo kiti hununua kitu kilichotimia. Haambiwi na mwenye duka kwamba mguu wa nne utatoka mwaka ujao kwa bei yake mbali. Michezo mingi ya siku hizi haiuzwi kwa desturi hiyo. Mchezo hutoka leo, ukasifiwa na kununuliwa. Baada ya mwaka au miwili hutoka nyongeza yake, na baadaye nyongeza ya pili. Kila nyongeza huja na bei yake na sifa zake, na kijana aliyedhani kwamba amekwisha kununua huona kwamba ananunua bado. Hapo ndipo hujiuliza swali ambalo nataka tulipime pamoja, msomaji: je, nyongeza hii yastahili fedha zangu?

Swali hili laonekana dogo kwa kuwa ni la mchezo. Lakini mchezo ni mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo kijana hushika fedha mkononi na kuamua mwenyewe, bila ya kuamriwa na mzazi wala mwalimu. Namna atakavyoamua hapo ndivyo atakavyozoea kuamua baadaye, atakapokuwa na mshahara na jamaa wa kulisha. Basi tusilipite kwa dharau.

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi. Uko mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, uliobuniwa na Sid Meier na wenzake huko Marekani na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Mchezaji hupewa watu wachache na ardhi asiyoijua. Hujenga mji, hulima, huvumbua elimu, hufanya urafiki au vita na mataifa mengine, akaendelea hivyo tangu zama za kale mpaka zama za vyombo vya kwenda angani. Si mchezo wa wepesi wa vidole. Ni mchezo wa mashauri na mikakati, kama bao na sataranji. Toleo lake la tano lilitoka mwaka 2010. Mwaka 2012 likapata nyongeza iitwayo Gods & Kings, na mwaka 2013 nyongeza ya pili iitwayo Brave New World. Huko Marekani mchezo wenyewe ulitoka kwa karibu dola 50, na kila nyongeza kwa karibu dola 30. Aliyenunua vyote vitatu siku vilipotoka alilipa karibu dola 110, yaani zaidi ya mara mbili ya bei aliyoiona mlangoni.

Wako wasemao kwamba kila nyongeza ni hila ya mfanya biashara, na kwamba mchezo mzuri hauhitaji kuongezwa. Hutoa ushahidi wa bao: lina mashimo 32 na kete 64, na wazee hulicheza maisha yao yote pasipo kulimaliza. Ushahidi huo una nguvu, lakini hautoshi. Sataranji yenyewe haikuwa siku zote kama tuijuavyo. Mpaka karne ya 15, kile kipande kikaacho karibu na mfalme, tukiitacho malkia, kilikuwa dhaifu. Kilikwenda hatua moja tu kwa mshazari. Mwishoni mwa karne hiyo, huko Ulaya, kilipewa uwezo wa kwenda mbali pande zote, na mchezo mzima ukabadilika mwendo. Basi mabadiliko si kosa kwa asili yake. Lakini angalia jambo moja: ubao ulibaki na miraba 64, na vipande vilibaki 32. Hakikuongezwa kitu cha kuhesabiwa. Kiliongezwa kitu cha kufikiriwa.

Hapo tunapata kipimo cha kwanza. Iko nyongeza ya idadi, na iko nyongeza ya fikra. Toleo la tano la Civilization lilipotoka lilikuwa na mataifa 18 ya kuchagua. Gods & Kings ilileta mengine tisa, na miongoni mwao Ethiopia; Brave New World ikaleta tisa tena, na miongoni mwao Moroko na Wazulu. Kijana wa Afrika hufurahi kuyaona mataifa hayo, na furaha yake si ya kulaumiwa. Hata hivyo, mwenye mataifa 18 ambaye amecheza kwa mawili tu, akiongezewa tisa hakuongezewa kitu. Ni kama mtu mwenye nyumba ya vyumba vingi ambavyo hajapata kuvifungua, naye yu mbioni kujenga vyumba vingine.

Sasa tazama jambo jingine lililokuja na Brave New World, nalo ni njia za biashara baina ya mataifa. Mchezaji aweza kupeleka msafara katika mji wa jirani. Jirani akiwa tajiri faida huwa kubwa, lakini jirani naye hufaidika, na pengine ndiye adui wa kesho. Je, nimtajirishe leo ili nami nipate, au nijinyime ili asinizidi? Vita vikizuka baina yetu, biashara hukatika na wote wawili hupata hasara. Kwa hiyo amani, ambayo zamani ilikuwa ni kungoja tu mpaka jeshi liwe tayari, ikawa na thamani yake yenyewe. Nyongeza ya namna hii haizidishi vitu mezani. Humlazimisha mchezaji afikiri upya juu ya vile vilivyokuwapo.

Kipimo cha pili hakimo katika mchezo. Kimo ndani ya mchezaji. Toleo hilo la tano lina ngazi nane za ugumu, na njia kadhaa za kushinda: kwa vita, kwa elimu, kwa utamaduni na kwa diplomasia. Yuko mchezaji aliyeshinda mara moja, kwa njia moja, katika ngazi ya chini, kisha akasema kwamba mchezo umemchosha na kwamba yahitajiwa nyongeza. Huyo hakuchoshwa na mchezo. Amechoshwa na mazoea yake. Akinunua nyongeza ataicheza kwa mazoea yale yale, na uchovu utamrudia kabla ya mwezi kwisha. Yuko mwingine aliyepanda ngazi, akashindwa, akajifunza, akapanda tena, mpaka akaanza kuuliza maswali ambayo mchezo hauwezi kumjibu. Mbona watu wa miji yangu hawana dini? Mbona sina njia ya kupeleleza siri za adui yangu? Huyo wa pili nyongeza itamfaa, kwa maana nyongeza ni jibu, naye swali analo tayari. Yule wa kwanza ananunua jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Lakini muuzaji naye hana budi kupimwa. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilikuwa na dini ndani yake. Toleo la tano lilipotoka dini haikuwamo. Ikarudi mwaka 2012 pamoja na nyongeza, kwa bei. Baadhi ya wachezaji walinung'unika wakasema kwamba wameuziwa tena mali waliyokuwa nayo. Neno lao lina uzito, ila haki hutaka upande wa pili nao usikizwe. Dini iliyorudi haikuwa ile iliyoondoka. Katika toleo la nne dini zote zilikuwa na nguvu sawa; katika nyongeza mchezaji huichagulia dini yake itikadi, na kila itikadi huleta faida yake. Kazi hiyo ilifanywa na watu, na kazi ina ujira.

Mimi naona haki iko hapa: muuzaji hana deni la kumpa mnunuzi kila kitu atakachokibuni baadaye, ana deni la kumpa kitu kinachosimama kwa miguu yake siku ya kuuzwa. Seremala akikata mguu wa kiti kwa makusudi ili auuze mwakani, amedhulumu. Akiuza kiti kizima, kisha akashona mto wa kukalia na kuuza mto huo, hakumdhulumu mtu. Nawe mnunuzi una wajibu wa kutazama, kabla ya kutoa fedha, kwamba uuziwacho ni mto au ni mguu. Ikiwa ni mguu, kutonunua ni njia mojawapo ya kumfundisha seremala adabu.

Kipimo cha tatu ni cha wakati. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyongeza huvutia kuliko siku zote siku ile itokapo, nayo aghalabu ndiyo siku ya bei ya juu. Mwaka 2014 mchezo ule na nyongeza zake uliuzwa pamoja katika fungu moja, na baada ya hapo bei zake zilishushwa mara nyingi. Tena aliyengoja aliweza kujua jambo ambalo mwenye pupa hakulijua: Brave New World ilikuja pamoja na taratibu za dini na ujasusi zilizoanzishwa na Gods & Kings, ingawa haikuja na mataifa yake tisa. Basi aliyetaka fikra wala hakujali idadi, nyongeza moja ilimtosha mahali pa mbili. Subira ilimpa fedha na maarifa pia.

Hata hivyo, jihadhari na bei iliyoshuka kama unavyojihadhari na bei iliyopanda. Rahisi ghali. Kitu usichokitumia, hata kikipunguzwa mpaka robo ya bei, robo hiyo yote umeitupa. Tena usitazame bei ya nyongeza moja peke yake. Andika bei ya mchezo na ya nyongeza zote katika karatasi moja, ujumlishe, uone ni siku ngapi za kazi ya mzazi wako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hasara ya vipande vidogo vidogo ndiyo isiyosikika.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtu mmoja mbele ya kompyuta yake. Lakini iko michezo ya watu wengi. Catan, mchezo wa ubao uliobuniwa na Klaus Teuber na kutolewa Ujerumani mwaka 1995, huchezwa na watu watatu au wanne. Hujenga makazi katika kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, na hubadilishana mbao, matofali, sufu, nafaka na madini. Mchezo huo una nyongeza isiyo na mengi ya kusimuliwa: huongeza ardhi na vifaa ili watu watano au sita wapate kucheza. Katika nyumba ya watu wanne nyongeza hiyo haina kazi. Katika nyumba ya watu sita, ambamo kila jioni wawili hukaa kando wakitazama wenzao, thamani yake yaweza kupita thamani ya mchezo wenyewe, maana huwaleta mezani watu waliokuwa nje. Kitu ni kile kile na bei ni ile ile. Kwa nyumba moja ni upuuzi, na kwa nyumba ya pili ni wema.

Mfano huo waonyesha kwa nini hakuna mtu awezaye kukujibu swali lako kwa kuitazama nyongeza peke yake. Thamani hukaa baina ya kitu na haja. Asiyeijua haja yake atauziwa haja ya mtu mwingine, leo katika mchezo, kesho katika nguo, simu, na hata nyumba. Wala kutosheka si kukataa kila kipya. Mtu akataaye kila kipya huenda ni mvivu wa kufikiri kama yule anunuaye kila kipya. Kutosheka ni kujua ulicho nacho kwa ukamilifu, hata ukaweza kusema kwa yakini ni kitu gani kimepungua.

Basi, msomaji, utakapovutwa na nyongeza, twaa kalamu uandike sentensi moja: "Baada ya kucheza nilicho nacho, nimeona kwamba siwezi kufanya jambo hili, na nyongeza hii itaniwezesha." Ukiweza kulitaja jambo hilo, na fedha ni zako, na hakuna anyimwaye chakula wala karo kwa ajili yake, nunua kwa moyo mweupe. Ukishindwa kulitaja, rudi ukacheze tena, safari hii katika ngazi iliyo juu ya ile uliyoizoea.