Mvua Imerudi: Je, Tunayo Haki ya Kufurahi Nyumbani?



Mwezi wa tatu umeingia, na mvua imerudi Bunia. Tangu mwezi wa kumi na mbili vumbi lilikuwa bwana wa mji. Lilikaa juu ya meza, ndani ya sufuria, katika nywele za watoto, juu ya majani ya migomba. Mama alifagia asubuhi, na ilipofika saa sita ilikuwa kana kwamba hakufagia. Sasa mawingu yanakusanyika mchana, upepo unapiga mabati, na baada ya muda mfupi udongo unatoa ile harufu ambayo kila mtu wa Ituri anaijua hata akiwa amefumba macho.

Huko Ulaya mwezi huu wanapokea majira ya machipuko. Theluji inayeyuka, siku zinakuwa ndefu, miti iliyokuwa mitupu inavaa majani. Watoto wetu wanasoma habari hizo darasani katika vitabu vya Kifaransa, na kwenye mtihani wanajibu vizuri kwamba majira ni manne, ingawa hapa kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, mchana una saa kumi na mbili mwaka mzima na hakuna aliyeona theluji. Si kosa la mwalimu. Lakini mtoto ajue pia kwamba sisi tunayo machipuko yetu, nayo ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Basi kuna swali ambalo mvua hii inatuletea mlangoni, na tungependa kulitazama pamoja bila haraka. Jamaa nyingi katika mji huu hazijui tena kama zinaruhusiwa kufurahi. Ukimwambia baba fulani, "Ndugu, cheka kidogo na watoto wako," anakujibu: "Tutacheka siku vita itakapokwisha." Mwingine anasema: "Nikipata mshahara." Mama anasema: "Nikimaliza deni la masomo ya watoto." Maneno haya si ya ujinga. Yana uzito wake. Lakini tuyapime.

Vita vya ndugu kwa ndugu katika Ituri vilianza mwaka 1999. Mwezi wa tano mwaka 2003 Bunia yenyewe iliwaka moto, watu wakakimbia wakiacha chakula jikoni, na mwezi wa sita askari wa Ulaya wakaja kulinda mji. Baadaye tulipumua. Halafu, mwishoni mwa mwaka 2017, mambo ya Djugu yakaamka tena. Mwaka 2019 tuliona jamaa zikifika Kigonze na magodoro kichwani. Tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021 jimbo letu, pamoja na Kivu ya Kaskazini, liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Sasa fanyeni hesabu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1999 leo ni mtu mzima, na pengine naye ana watoto. Kama sheria ni kwamba furaha ingojee amani, basi mtu huyu hakuwa na ruhusa ya kufurahi utoto wake wote, wala ujana wake. Na mtoto wake anafundishwa sheria ile ile. Nani aliyeandika sheria hiyo? Hatukuiona katika amri za Mungu.

Pengine tunachanganya vitu viwili ambavyo lugha yetu yenyewe inavitenganisha: raha na furaha. Raha inahitaji pesa, kiti kizuri, siku isiyo na kazi. Mtu wa raha ukimwondolea kiti, raha imekwisha. Furaha inaweza kumkuta mama akiwa anatwanga sombe, jasho likimtoka. Ni kwa sababu hii kuna vijana wanaoacha bibi na watoto kartye ya Mudzipela au Saio, wanakwenda Mongbwalu kutafuta zahabu, wakisema: "Nikirudi nitawafurahisha." Wengine wanarudi na pesa, nasi hatuwalaumu, kazi ni kazi. Lakini tangu zahabu ya Ituri ilipoonekana mwaka 1903, nyumba ngapi zimengoja baba arudi na furaha mfukoni? Na yule anayebaki mjini akatafuta furaha yake kwenye kibuyu cha kasiksi, anarudi usiku watoto wamelala. Amenunua raha ya masaa mawili kwa bei ya chakula cha siku mbili.

Tazameni kitu kidogo ambacho Mungu anatupa wakati huu, bila kuomba hata franka moja: kumbikumbi. Mvua ikilowanisha udongo wa kichuguu, wale wenye mabawa wanatoka kwa maelfu kutafuta mahali pa kuanzisha makao mapya. Wanapenda mwanga. Mtu anaweka beseni ya maji chini ya taa, watoto wanazunguka, mkubwa anampigia mdogo kelele, mdogo anakula wengine wabichi akidhani hakuna aliyemwona. Kesho yake mama anawakaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe, anaweka chumvi kidogo, anapepeta mabawa, na ugali wa jioni hiyo hauna haja ya nyama. Usiku kama huo katika nyumba maskini, watu watano wanacheka kwa sababu moja. Vita haijakwisha. Mshahara haujafika. Je, kicheko kile kilikuwa cha uongo?

Sisi tunasema hapana. Na tunasema zaidi: mara nyingi mikono inatangulia, moyo unafuata nyuma. Tunafikiri kwamba ni lazima mtu awe na furaha kwanza ndipo apate nguvu ya kuamka na kufanya kazi. Kitabu cha Ruthu kinaonyesha njia nyingine. Naomi alirudi Bethlehemu akiwa amezika bwana na watoto wawili katika nchi ya ugeni. Alikuwa na uchungu mwingi, akalikataa hata jina lake zuri watu walipomwita kwalo. Andiko halimgombezi. Lakini linataja jambo moja kama kwa kupita tu: walifika mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Ruthu hakukaa akingoja mkwe wake atabasamu. Alikwenda shambani kuokota masuke nyuma ya wavunaji, jioni akarudi na nafaka, naye Naomi akaanza kuuliza: umeokota wapi leo? Swali hilo ndilo mlango. Mtu aliyefunga moyo wake ameuliza habari za kazi ya siku. Kumpakata mjukuu kulikuja baadaye sana.

Kwa hiyo baba anayesema "sina moyo" asilazimishwe kucheka. Apewe jembe. Aende na watoto wake kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, hata kama ni hatua kumi kwa hatua tano, maana tunajua kwamba wengi hawawezi tena kufikia mashamba yao ya mbali kwa sababu ya hatari. Wapande maharagi. Baada ya majuma machache mama atachuma majani machanga ya mboga, na baada ya miezi mitatu hivi maharagi yenyewe yatakuwa tayari. Mtoto ataamka kila asubuhi kutazama kama yameota. Huyo mtoto ndiye atakayemwuliza baba swali la Naomi.

Sasa kuna ndugu atakayesimama na kusema: "Maneno mazuri, lakini jirani yangu amefiwa. Nyuma ya nyumba yangu wamefika watu kutoka Djugu, wameacha maiti njiani. Mimi nitawasha taa na kucheka na kumbikumbi?" Hili ndilo neno gumu kuliko yote, na mtu asiyeliona gumu hatuwezi kumwamini akihubiri juu ya furaha.

Tunajibu hivi. Kuna kicheko kinachofunga mlango, na kuna kicheko kinachoufungua. Kama redio yako inalia kwa nguvu wakati jirani ametandika majani ya matanga, hiyo ni dharau, hata kama wimbo ni wa Mungu. Ndani ya nyumba iliyofiwa hatuna ruhusa ya kudai furaha, wala ya kuhesabu siku tukisema sasa imetosha. Tuingie kimya, tukae chini, tuchote maji, tuchochee moto, tuondoke. Lakini nyumba yako nayo ikizima moto wake, nani atampelekea aliyefiwa chakula cha moto? Wenye huzuni wanahitaji karibu nao nyumba moja iliyo na uhai, ambapo watoto wao wanaweza kwenda kucheza saa mbili wakasahau. Pita kandokando ya kambi ya wakimbizi wowote utawaona watoto wakifunga mifuko ya plastiki kwa kamba wapate mpira. Wanapiga kelele, wanagombania bao. Ni wao wenyewe waliopoteza kila kitu. Nani atakayewaambia kwamba wanakosa heshima?

Na kuna jamaa ambayo sisi waamini wa Kongo hatuwezi kuisahau. Mwezi wa kenda mwaka 1921 Simon Kimbangu alikamatwa, mwezi wa kumi akahukumiwa kifo, halafu mfalme wa Ubelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1951. Miaka thelathini. Mke wake, Marie Muilu, alibaki na mzigo wa nyumba na wa kazi ya Mungu pamoja. Kama uzima wa nyumba ile ungengojea baba arudi, ungengojea bure, maana hakurudi. Lakini watoto walikua, wakasoma, wakaoa, wakafanya kazi. Siku moja moja za miaka ile thelathini zilikuwa na asubuhi yake na chakula chake cha jioni, kama siku zetu.

Limebaki jambo moja, na baba zetu watuvumilie. Tukisema "furaha ya nyumba", mara nyingi tunafikiri kwamba mama ndiye ataiandaa, kama anavyoandaa ugali. Mvua ni nzuri kwa mwenye kukaa barazani. Kwa mama, mvua ni makala yaliyolowa, ni nguo zisizokauka, ni matope mlangoni na mtoto mwenye homa ya malaria saa nane za usiku. Yeye ndiye anayekwenda soko kuu kukuta bei ya mchele imepanda kwa sababu gari hazikupita salama barabara ya Mahagi. Akirudi amechoka, tunamwuliza kwa nini amekunja uso. Hapo hatumwulizi furaha, tunamwongezea kazi nyingine juu ya zile alizo nazo. Nyumba ambayo watu sita wanafurahi kwa uchovu wa mmoja, mizani yake ni ya uongo.

Baba apande juu ya nyumba mbele ya mwezi wa nne, azibe matundu ya mabati. Kijana wa kiume ashike ufagio. Mkono wake hautakatika. Na bidoni zipangwe chini ya ukingo wa paa, pamoja na mfereji wa bati uliokunjwa vizuri, ili mvua ya usiku ijaze yenyewe. Wakati wa kiangazi ni binti wa nyumba aliyekuwa akiamka saa kumi na moja, giza bado, akaenda kupanga mstari kwenye bomba na bidoni mbili. Kesho asubuhi maji yako mlangoni. Mwacheni alale mpaka saa kumi na mbili na nusu, halafu anywe chai pamoja na wengine mbele ya kwenda masomoni.