Maua, na Ua Uyazungukao

Je, ni haki kumkataza mtu asichume ua la mwitu, ambalo hapana mtu aliyelipanda wala hapana atakayelila? Wengi wataona kuwa swali hili ni la mchezo, kwa maana mwenye njaa haulizi habari za maua. Lakini wasomaji na wanivumilie, kwani ndani yake limo swali la haki: mali ya wote ni ya nani?

Katika nchi ya Afrika ya Kusini, karibu na mji wa Cape Town, penye ubavu wa mashariki wa mlima uitwao Meza, iko bustani ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka wa 1913 ili kutunza mimea ya nchi ile ile, wala si ya ugenini. Kule mvua hunyesha wakati wa baridi, nacho kiangazi ni kikavu. Kwa hiyo kati ya baridi na joto, yaani tangu Agosti hata Oktoba, ardhi hufunikwa na maua. Yako maua ya Namaqualand, meupe na ya rangi ya machungwa, ambayo mbegu zake hupandwa kabla ya mvua, nayo yakisha kuzaa hufa yote. Tabia yake ni ya ajabu. Siku ya mawingu hujifumba. Siku ya jua hufumbuka polepole kabla ya adhuhuri, yakielekeza nyuso zake kwenye jua. Basi mtu alielekeaye jua huona migongo ya maua tu, hana budi kugeuka, jua liwe kisogoni pake. Kivulini chini ya miti huchanua klivia. Juu mtelemkoni yako maua ya jamaa ya protea, mengine yenye nyuzi zilizosimama kama pini za mshonaji, na ndege aitwaye chozi huyazunguka akitafuta asali.

Hapo halichumwi hata moja. Mtu atasema, Huo ni uchoyo. Nami naona hoja yake ina nguvu. Zamani wachuuzi maskini wa Cape Town walikwea mlimani wakachuma, wakauza mjini katika barabara ya Adderley, na kwa maua hayo walilisha watoto wao. Mwaka wa 1905 serikali ya koloni ya Cape ilipotunga sheria ya kulinda maua ya mwitu, palikuwa na riziki ya watu ndani ya kikapu kile.

Tena lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili: ua lichanualo, na ua uzungukao nyumba. Kirstenbosch yako yote mawili. Yangaliko masalio ya ua wa miti ya mlozi mwitu, alioupanda Jan van Riebeeck, mkuu wa Waholanzi, mwaka wa 1660, ili kuwazuia Wakhoikhoi na ng'ombe wao wasiingie katika malisho ambayo tangu zamani yalikuwa yao wenyewe. Ua ule ulisema, Usiguse. Bustani nayo yasema, Usiguse. Je, tofauti ni nini?

Mimi naipima hivi: nani amefungwa na amri? Aliyepanda mlozi hakujizuia yeye, alimzuia jirani. Lakini katika bustani hata mtunzaji mwenyewe hachumi ua kwa kupamba meza yake. Tena ua likitazamwa na watu elfu hubaki zima, lakini mmoja akilichuma, hilo na mbegu zake zote zimekwisha, nalo litanyauka kwake kwa siku chache.

Hata hivyo tusimtwike mchumaji kosa lote. Uko mmea uitwao Erica verticillata, uliokuwa ukiota tambarare karibu na Cape Town. Katika karne ya 20 ulitoweka kabisa porini, na kilichouangamiza hasa ni mji kupanuka, nyumba juu ya nyumba. Mwaka wa 1984 ulionekana mmoja katika bustani ya watu wote mjini Pretoria, na mingine ilikuwa imehifadhiwa katika bustani za kale, hata Vienna, Ulaya. Kwa vipandikizi vya hiyo ulirudishwa katika ardhi yake. Hapa ndipo niionapo sheria ya maua kuwa kilema: ilimtazama mwanamke mwenye kikapu, lakini mwenye kujenga juu ya maua yote haikumwona. Amri ya kutochuma ni ya haki. Lakini ni haki nusu, maadamu haimfikii aondoaye ardhi yenyewe, wala haimwonyeshi mchuuzi njia nyingine ya kupata chakula.

Njia hiyo baadaye ilipatikana, kwani wachuuzi wa Adderley wangali wakiuza mpaka leo, ila ndoo zao sasa zajazwa maua yaliyolimwa mashambani.